Bunduki ya Kazi Zote

Jumatatu, 11 mwezi wa sita 2001. Kalunguta.

Nyani wamerudi. Walikuja asubuhi, ukoo mzima, watoto mgongoni, wakaketi katikati ya mahindi ya Hulda kama wageni wa harusi. Hulda akapiga kelele. Hawakunyanyuka hata. Kila mtu hapa anajua: nyani haogopi mwanamke. Akiona kikwembe anaendelea kula, akiona suruali anakimbia.

Basi mke wangu ametangaza, mbele ya jirani, kwamba dawa ni moja. Mimi, suruali yangu na debe la kupiga. Shambani, kutwa nzima, mpaka mavuno. Mahindi hayo ndiyo mabati yetu. Nyasi za paa zimeoza na mvua inatunyeshea kitandani, upande wake. Upande wangu bado mkavu, ndiyo maana nafikiri vizuri.

Nimekataa kwa heshima. Mtu aliyefika mwaka wa nne wa sekondari hapigi debe. Nyani wa leo wanahitaji akili ya leo. Nitanunua bunduki.

Jirani aliyesikia yote ni Melchior. Mkatoliki, mpole, anachosha. Ana mbwa wawili wenye njuga za mbao shingoni. Nyani wakisikia njuga wanahama kwake na kuja kwetu. Kwa hesabu ya haki, nusu ya nyani wetu ni wa Melchior. Nimemweleza hivyo. Akasema atawaombea.

Jumanne, 12.

Leo Mungu amesema nami kwa njia ya samaki!

Hulda alinunua tilapia wa moshi waliotoka Kyavinyonge. Muuzaji aliwafunga kwa ukurasa wa gazeti la zamani la wawindaji, la Kifaransa. Nikausoma pamoja na mafuta yake. Unasema mtu mwenye busara hanunui bunduki nyingi. Ananunua moja ya kazi zote: fupi, nyepesi, inayopiga mbali, isiyo na mambo mengi, na ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Nilisisimka mpaka nikasahau kula. Hatimaye mtu ananielewa, ingawa ni Mzungu na pengine amekwisha kufa.

Ukurasa umechanika pale bei zinapoanza. Kipande kilichobaki kilifunga samaki wa mtu mwingine. Nimerudi kwa muuzaji kumuuliza ni nani. Amejibu kwamba yeye anauza samaki, hauzi habari.

Si kitu. Nina masharti. Bunduki yangu itafukuza nyani, itaangusha nguruwe wa porini, itatisha wezi, na Jumapili itapendeza begani. Pia Melchior akiiona, aumie kidogo. Gazeti halikutaja hilo la mwisho, lakini nadhani lilikuwa kwenye kipande kilichochanika.

Nimemsomea Hulda. Amesikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya unga. Kisha: "Baba Providence, miye sikuomba bunduki. Niliomba mutu."

Wanawake hawaoni mbali.

Alhamisi, 14. Butembo.

Nimekuja kwa baiskeli. Watu wanaigeukia njiani, kwa sababu ya kiti. Nilikivalisha kitambaa chekundu chenye nyuzi za manjano, na kengele nikaifunga utepe. Hakuna nyingine kama hiyo kutoka hapa mpaka Eringeti.

Kwenye kizuizi cha askari, upande wetu wa barabara, mambo ni yale yale. Anayepita na kuni anaacha kijiti kimoja. Anayepita na miwa anaacha muwa mmoja. Wa samaki anaacha samaki. Mimi nilipita mikono mitupu. Askari akaniangalia kwa huruma, nikajisikia maskini.

Mjini nimeona bunduki mbili. Ya kwanza ni gobori la mzee Abdias, nyuma ya soko. Alitaka kunionyesha inavyofanya kazi. Akamimina baruti. Akashindilia kitambaa. Akatia mawe madogo, akashindilia tena, akatafuta kiberiti, akaenda kwa jirani kuomba kiberiti, akaomba dua. Katika muda huo nyani angekula, angenawa, angerudi kwao kupumzika. Halafu likalia! Moshi ukameza kiwanja kizima. Ulipoondoka, mzee Abdias alikuwa ameketi ndani ya maharagwe ya jirani yake, anaulizia kofia. Nimelikataa. Sauti nzuri, mwendo wa pole.

Ya pili ni ya mfanyabiashara wa kahawa. Mitutu miwili, mti wake unang'aa kama viatu vya mchungaji. Tangu vita ianze hajapata risasi hata moja, anaitumia kuegemeza mlango wa depo. Nilimuuliza bei. Akacheka. Akawaita wafanyakazi wake ili niulize tena. Nimeikataa kwa sababu ya uzito.

Hata hivyo, huyo mfanyabiashara, akijifuta machozi, amenipa neno la maana. Bunduki za watu wa kawaida ziko Beni. Kule askari ni wengi, na mshahara haufiki.

Ijumaa, 15. Kalunguta.

Wakati nikiwa Butembo nyani wamekula mistari yote ya upande wa kijito. Hulda hakunigombeza. Alinibadilishia upande wa kitanda tu. Mvua ilinyesha. Leo nimefikiri vibaya sana.

Jumamosi, 16. Beni.

Ushindi.

Mtu wangu anaitwa Vagheni. Juu ya meza anauza sabuni na betri, chini ya meza anauza mengine. Nilimweleza masharti yangu moja moja. Alifumba macho akisikiliza. Alisema tangu vita ianze mimi ni mteja wa kwanza anayejua anachotaka. Nimekutana na wachungaji wenye utambuzi mdogo kuliko huyu.

Akanipeleka nyuma ya nyumba, akakunjua mkeka. Karabini! Fupi kuliko mguu wangu. Nyepesi. Kwenye kitako ina mkwaruzo wa namna ya mguu wa jogoo, ambao unaipa sura ya heshima. Niliibeba begani, nikatembea mpaka kwenye choo na kurudi. Nasema ukweli, nilifurahi kama siku ya harusi yangu, na siku ile viatu vilikuwa vinanibana.

Risasi hakuna. Vagheni amesema risasi zinauzwa na mtu mwingine, siku nyingine. Ni sawa. Hakuna anayenunua chumvi kabla ya sufuria.

Bei: baiskeli yangu. Nilisita. Nikashika kengele kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba mwenye bunduki hana haja ya kukimbia.

Vagheni ni mtu wa kujali. Aliniuliza nitapita njia gani, kizuizi kipi, siku gani, nitaificha namna gani. Nilimwambia yote. Wafanyabiashara wa Butembo hawana roho hiyo.

Kuificha ndilo jambo zito, na hapa sitanii. Raia akikutwa na bunduki anatiwa shimoni. Wapo waliotoka. Wapo ambao wake zao bado wanapeleka chakula na chakula kinarudi. Nilikaa na wazo hilo mpaka jasho likanitoka mgongoni.

Ndipo likaja. Kuni! Nani anatazama kuni? Kuni zinapita vizuizi vyote vya nchi hii, mchana kweupe, kila siku.

Nashangaa hakuna aliyewaza hili kabla yangu.

Jumapili, 17. Beni.

Sikusafiri, ni siku ya Bwana. Baada ya ibada nimetengeneza mzigo. Karabini nimeivalisha maganda ya mkaratusi, nikaifunga kwa kamba za migomba, nikaiweka katikati kabisa, kwenye moyo wa mzigo. Kuizunguka nimeweka kuni mbichi, ili ile ya katikati isionekane ovyo. Hata mimi nikitazama naona kuni tu.

Vagheni hakuwapo kunisaidia. Alitoka mapema na baiskeli yangu. Amesema kuna rafiki yake barabarani anataka kumsalimia.

Jumatatu, 18. Kalunguta.

Niko hai. Naanza na hilo, kwa sababu leo kuna saa ambayo sikuwa na hakika.

Bila baiskeli, mzigo ulibidi ukae mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama wanavyobeba mama zetu. Mwanamume hafanyi hivyo. Barabara nzima ilinijulisha. Mama mmoja aliniuliza kwa upole mke wangu amefariki lini.

Tena kulikuwa na jambo ambalo jana halikunijia. Kuni zinatoka porini zinaenda mjini. Wanawake wote walikuwa wanakuja Beni na kuni zao. Mimi peke yangu nilikuwa natoka Beni na kuni zangu. Wakaniachia njia. Mmoja akasimama kabisa: "Baba, kuni unapeleka ku pori? Miti imeisha kule?" Nikamjibu kwamba za mjini zinawaka vizuri zaidi. Akatikisa kichwa polepole. Nadhani nilimshawishi.

Nikafika kizuizi. Askari mmoja, mrefu, ameketi kwenye jiwe. Kamanda wake alikuwa ndani ya kibanda, anakula, niliona buti zake mlangoni. Kando ya kibanda kulikuwa na baiskeli yenye kiti chekundu chenye nyuzi za manjano, na utepe kwenye kengele. Nikafurahi. Mtindo wangu umeanza kuigwa.

Askari alinisalimia kana kwamba ananingoja. Akaomba kijiti. Nilikuwa nimesahau kijiti!

Nikamwambia achukue, nikamgeuzia upande wa nje. Akazigonga kwa kidole. Mbichi. Alisema anajua ujanja wa mama zetu wote: wanaweka kuni mbichi nje na kavu ndani, ili bariere ya askari ibaki na moshi. Akaingiza mkono kwenye moyo wa mzigo. Akavuta.

Maganda yakaanguka. Likabaki lililobaki.

Niliona shimo. Nilimwona Hulda amesimama juu yake na sahani iliyofunikwa. Nilitaka kusema neno la hekima, nikasema ni aina ya mti wa Beni.

Askari hakunitazama hata. Aligeuza kitako, akapitisha kidole gumba kwenye ule mkwaruzo, akatabasamu, kama mtu anayemkagua mbuzi wake aliyerudi zizini jioni. Kutoka kibandani kamanda akauliza leo kimeachwa nini.

"Kuni, chef," akasema askari. "Ka kijiti kamoja tu. Lakini kazuri."

Akakasukuma chini ya mkeka wake, haraka. Kisha kwa sauti ndogo akaniambia niende, nisigeuke, nisimwambie mtu, na nikimwona Vagheni nimsalimie.

Nimelitafakari njia nzima. Sababu ni moja tu. Utulivu wangu ulimtisha. Askari akikutana na mwanamume asiyetetemeka, anajua huyu ana watu nyuma yake. Jinsi alivyojua jina la Vagheni sielewi, lakini Vagheni anajulikana sana.

Bado sijamaliza. Jioni nilikaribia shamba, jua bado liko juu ya migomba. Na kati ya mahindi yetu nikaona mwanamume. Mrefu. Koti, kofia, suruali, bunduki begani. Anatembea mstari hadi mstari, bila haraka, kama mwenye mali.

Wazo la kwanza: majambazi. Wazo la pili: Hulda amepata mwanamume mwingine, na huyu ana bunduki. Sitasema ni wazo lipi liliniuma zaidi. Niliingia mtaroni na mzigo wangu wa kuni, nikajifunika majani, nikaona machungu ya dunia yote.

Mwanamume akaja mpaka ukingoni. Akasimama juu yangu.

"Baba Providence, toka mu mutaro. Na kuni, ulete. Sina kuni za bugali."

Hulda! Kofia ni ya marehemu baba yangu. Koti amelikopa kwa Melchior. Suruali ni yangu ya shamba, ile niliyoinunua miaka mitatu iliyopita na ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Bunduki ni mpini wa jembe. Amezunguka hivyo tangu Jumamosi asubuhi nilipoondoka. Nyani wamekaa juu ya miti ng'ambo ya kijito, wanamtazama, wanajikuna. Tangu siku hiyo hawajachukua hata hindi moja.

Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa hai, na yeye ndiye alikuwa pale. Nilimshika mkono. Alishangaa kidogo. Akasema wasingya, asante ya kwetu, kwa kuni.

Wakati wa kula aliuliza baiskeli iko wapi. Nimesema imebaki Beni. Akaniangalia, akaniongezea majani ya sombe.

Jumatano, 20.

Nimepumzika, akili imerudi. Tufikiri kwa utaratibu. Nyani wamekimbia mpini wa jembe kwa sababu unafanana na bunduki. Sasa, kama mfano wa bunduki unafanya kazi hivi, bunduki yenyewe ingefanya nini? Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo, na Hulda amenithibitisha mbele ya watu wote.

Nimemweleza Melchior. Akasema kama mpini unatosha, mpini unatosha. Mtu asiye na upeo. Mbwa wake walikuwa wamelala kwenye kivuli changu.

Hulda amenipa zamu ya asubuhi. Suruali, kofia, mpini. Nimemweleza kwamba nyani wamemzoea yeye, wakiona sura mpya watavurugika. Amekwenda mwenyewe.

Ijumaa, 13 mwezi wa saba.

Mavuno yamekwisha. Hulda ameyapeleka Butembo na mabati yamefika, mapya, yanaumiza macho. Yameegemezwa ukutani. Hulda kila akipita anayagusa kwa kiganja. Jana nilimkuta amesimama mbele yake anajitazama, anacheka peke yake. Nilifurahi kumwona hivyo, ni mwanamke mwema. Jumatatu Melchior atakuja na misumari.

Leo mchuuzi wa samaki ameniletea salamu za Vagheni kutoka Beni. Amepata karabini nyingine! Fupi, nyepesi. Kwenye kitako ina mkwaruzo wa namna ya mguu wa jogoo, mahali pale pale. Kwa hiyo si mkwaruzo. Ni alama ya kiwanda. Bunduki mbili zenye alama moja, katika mji mmoja: huo ndio ubora ambao gazeti lilikuwa linausema. Tena kwa kuwa mimi ni mteja wa zamani, ananiwekea, hamwonyeshi mtu mwingine. Baiskeli hataki tena, rafiki yake tayari anayo. Anapokea mabati.

Kesho Hulda anaondoka kwenda mkutano wa mama wa kanisa. Atarudi Jumatatu. Nimeyapima mabati kwa jicho, na nyumba kwa jicho. Nyumba ni ndogo kweli. Mvua kubwa bado ziko mbali. Zaidi ya hayo, nimejitolea kulala upande wa maji kwa hiari yangu, jambo ambalo mume mwingine asingefanya. Nitamweleza akiisha kuiona begani mwangu.

Kuna kikwazo kidogo. Tangu jana mbwa mkubwa wa Melchior amefungwa kwenye mabati, njuga shingoni. Hulda alisema ni ili nyani wasiyaibe, akawa ananitazama mimi. Nyani hawaibi mabati, hata mtoto anajua. Lakini mbwa ananifahamu, nami nina mkia wa tilapia.

Kuhusu kizuizi, nimejichunguza kwa ukali, maana mtu asiyejifunza ni sawa na mti. Kosa langu lilikuwa moja. Kuni. Mwanamume kubeba kuni kunavuta macho, na kuni haziendi porini. Safari hii nitaificha ndani ya miwa. Muwa ni mrefu, umenyooka, hauchekwi na mtu, na unapelekwa popote. Nitaiweka katikati ya mzigo, mahali pa heshima. Na wale askari wakitaka mmoja, sitabishana nao tena wala kuwageuzia upande. Wachague wenyewe.